Tua, Mdogo Wangu

Aliyesoma wasifu wa wifi yangu makaburini alisema marehemu "alikuwa mtumishi wa kiwanja cha ndege", akakunja karatasi yake, akakaa. Nilitamani kumfuata pale pale nimpe maneno yake. Hiyo ni sawa na kusema chumvi ni kitu cheupe. Mtu kabeba maji, kabeba dawa, kambeba mdogo wake mgongoni akiwa mtoto na akambeba tena akiwa mtu mzima mwenye mvi, halafu wewe unamtaja kwa pumzi moja na kukaa? Basi nitamsema mimi. Mimi ndiye mke wa huyo mdogo wake, na mdomo wangu watu wanaujua.

Watu walimwita Bi Soksi. Wasiomjua walidhani anauza soksi, na kuna mgeni mmoja alimfuata kabisa kumuulizia jozi nyeusi za shule. Jina lilitokana na ule mfuko mrefu wa kitambaa unaofungwa juu ya mlingoti kiwanjani, ambao upepo ukiingia unavimba na kuonyesha unakoelekea. Marubani huuita soksi. Kazi ya wifi ilikuwa kuuangalia. Kila ndege ilipotaka kuondoka au kushuka, alisimama kando ya pampu, redio ya mkononi kifuani, akamwambia rubani upepo umekaaje, njia iko wazi au kuna ng'ombe amekatiza. Mazoea yana tabu: hata kwenye harusi ya binti yangu nilimkuta ameinua shingo, anatazama mapambo ya ukumbi yanapepea upande gani.

Na kiwanja chenyewe usidhani ni kile cha watu wa masanduku ya magurudumu. Ni kipande cha ardhi kilichonyooshwa katikati ya mashamba, nyasi zimefyekwa, kibanda cha mabati pembeni, tangi la maji, pampu na mpira wake mnene. Ndege zake ni ndogo, za kiti kimoja, na mbele ya rubani pana tangi kubwa la dawa ya kunyunyizia mazao. Abiria wake ni sumu ya wadudu.

Sasa nirudi nyuma, maana bila kisima huwezi kumwelewa wifi. Kwao maji yalikuwa mbali, na mama yao alikuwa mgonjwa wa kifua, hivyo kifungua mimba ndiye aliyekuwa mama wa nyumba kabla hajaota hata meno yote ya ukubwani. Alikwenda kuteka na mdogo wake nyuma yake. Yule mtoto alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Alitaka ndoo ya wakubwa, si kidumu cha kimo chake. Anajitwika, shingo inazama mabegani, maji yanamwingia masikioni, miguu inakwenda upogo, na dada anageuka na kumpigia kelele: "Tua! Tua, mdogo wangu, utaota shingo ya kobe!"

"Sitaki!"

Basi anakwenda hivyo hivyo mpaka anajikwaa, ndoo inakwenda huku na yeye kule, na dada anamgawia maji yake nusu ili asiende kupigwa. Mama mkwe wangu alinisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alimaliza kwa kusema mwanawe hakuwahi kutua kwa kuambiwa, alitua kwa kuanguka. Ndilo neno nililolikuta katika familia hiyo, wakitaniana nalo mezani kila mmoja akizidisha chakula kwenye sahani.

Wifi aliingia kiwanjani akiwa msichana, kabla ya pampu, siku ambazo maji ya kuchanganyia dawa yalibebwa kwa ndoo. Mdogo wake alikuwa akimpelekea chakula cha mchana. Siku ya kwanza kuona ndege ikiinuka alisimama na kile chakula mkononi mpaka kikapoa, na dada akala ugali wa baridi bila kulalamika. Ndiyo ikawa imetoka hiyo. Alianza kwa kuosha magurudumu, akawa msaidizi wa Fundi aliyetengeneza injini, na kwa ule ubishi wake akawaganda wenye kampuni mpaka wakampeleka shule ya urubani. Alirudi na kofia na jina jipya. Walimwita Panzi, kwa jinsi alivyokuwa akiruka shamba hadi shamba.

Mimi niliingia kwa njia ya sindano. Ni fundi cherehani, na soksi yao ilipopasuka walinitafuta niwashonee nyingine. Panzi ndiye aliyetumwa. Alirudi mara nyingi mno kupima kitambaa kisichohitaji kupimwa, mpaka wifi akaja mwenyewe, akaegemea meza yangu, akaniuliza, "Wewe binti, unashona soksi au unamshona mdogo wangu?" Nikamjibu kwamba kitambaa kikija chenyewe chini ya sindano, fundi afanyeje? Alicheka mpaka akakaa kwenye kochi langu bila kukaribishwa. Alikuwa mtu wa kukaa, wifi. Akifika kwako anakaa, anavua viatu, anaagiza chai. Mkumbuke hivyo.

Ndege za mashambani zina kitu kimoja cha kuokoa roho. Kushoto kwa rubani kuna mkono wa chuma. Ukiusukuma, mlango wa chini ya tangi unafunguka na dawa yote inamwagika mara moja, na ndege iliyokuwa inavuta miguu inapanda. Panzi aliniambia tangu uchumba wetu kwamba hatari yao kubwa haiko angani. Iko pale pa kuondokea, tangi limejaa, joto kali limeifanya hewa kuwa nyepesi, nyasi zinashika magurudumu na njia inaisha. Hapo unamwaga mzigo au unauangukia.

Kwenye redio maneno yalikuwa machache. "Njia nyeupe, ondoka." "Njia nyeupe, tua." Wifi aliyasema kutwa. Tua ya redioni ilikuwa kushuka na kukanyaga ardhi, basi. Hakuna aliyewahi kukaa chini na wenzake akasema: jamani, siku ndege ikizidiwa na mzigo, tutamwambia rubani neno gani? Kila mtu alidhani rubani anajua la kufanya, na kweli anajua. Bi Soksi kazi yake ilikuwa upepo.

Mwaka ule viwavijeshi waliingia kwenye mahindi. Wenye mashamba walikuwa wamesimama pembeni ya kiwanja tangu asubuhi, wengine wameshika mabua yaliyoliwa wayaonyeshe. Mvua ilikuwa imenyesha kabla ya kucha, nyasi zimeloa, kisha jua likatoka kwa hasira. Nami nilikuwepo, nimeleta soksi mpya, na Fundi alikuwa ameshaipandisha mlingotini. Ilining'inia tu. Hewa ilikuwa imesimama kabisa.

Panzi alikuwa ameshakwenda na kurudi tangu asubuhi. Wifi alimwambia huku ameshika mpira wa dawa, "Punguza kidogo, baba. Jua hili halibebi."

"Jaza, dada. Wale wadudu hawasubiri jua lipoe."

"Shingo ya kobe."

Alicheka, akafunga kidirisha chake. Wifi akajaza, kwa sababu anayesema kiasi ni rubani.

Ndege iliondoka. Ilipofika katikati ya njia niliiona soksi yangu, niliyoishona kwa mikono yangu, ikishtuka na kuvimba. Ikageuka. Upepo ulikuwa umetokea nyuma ya ndege, na upepo wa nyuma haunyanyui, unasukuma tu. Magurudumu yaliacha ardhi lakini ndege haikupanda. Ilikwenda chini chini, mkia umelegea, na mbele yake kulikuwa na tuta la mfereji wa maji. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Ya wifi ilitoka. Mtu ambaye redioni alizungumza kama anayemwomba jirani chumvi, siku ile alipiga kelele.

"Tua! Tua, mdogo wangu, tua!"

Mlio wa injini ukashuka. Ndege ikateremka kwa utii, ikakanyaga ardhi pale ambapo njia ilikuwa imekwisha, ikalipiga tuta na kupinduka kifudifudi. Kisha kimya, na harufu ya dawa. Wifi ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa akikimbia na redio bado imebanwa mdomoni.

Panzi alitolewa hai. Mgongo ulikuwa umevunjika.

Mkaguzi aliyetumwa kuchunguza ajali hakuwa mtu mbaya. Alituketisha kwenye kibanda cha mabati, akamuuliza wifi taratibu, "Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia atue."

"Naye?"

"Akatua."

"Kwa hiyo ulimwamuru ashuke wakati njia imekwisha?"

Fundi alirukia. "Bwana mkubwa, huyu mama hakuwa na maana hiyo. Alitaka amwage dawa."

"Sasa mbona hakusema amwage?"

Wifi alitazama nje mlangoni, kwenye mlingoti. "Nilimwambia atue," alisema tena.

Nami nilimchukia. Silifichi hili. Nilikaa kwenye korido ya hospitali nikimwangalia amesimama mwisho wa ukuta, nikasema moyoni, mwanamke huyu kila siku anasema tua ndege ishuke, leo kasema tua ikashuka, sasa anatafuta nini hapa? Mama mkwe, yule mgonjwa wa kifua aliyewazika wazima wengi, alinishika goti. "Mwanangu, usimwangalie hivyo mwenzio," aliniambia. "Alikuwa kisimani. Alikuwa anamwambia atue ndoo."

Nikaondoa macho kwake. Maana ni kweli: mtu akishikwa na hofu hachagui maneno, linatoka lile la kwanza alilojifunza. Neno lilikuwa moja, mzigo ulikuwa mmoja, na ndugu walikuwa wale wale. Nilikwenda nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na hakuvikunja vidole vyake kwenye vyangu.

Tulimrudisha Panzi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Wifi aliacha kazi kiwanjani, akawa anakuja kwangu kila kukicha. Alimwinua, akamwogesha, akamgeuza asitoke vidonda, akafua mashuka. Kwa kazi sikuwa na la kumlaumu. Lakini hakukaa. Akimaliza alisimama kwenye mwimo wa mlango wa sebule, bega limeegemea ubao, mpaka rangi ya pale ikachakaa. Maji alikunywa amesimama. Chakula alisema ameshakula, na nilijua hajala.

"Kaa, wifi."

"Niko sawa tu."

"Kiti hiki hapa."

"Nakwenda sasa hivi."

Wala haendi. Anasimama. Na mume wangu akimsemesha anajibu yale ya lazima tu, maji ya moto yako tayari, inua mkono, basi. Utani wao wote ulikatika. Nilivumilia mpaka hasira zangu zikafika kooni. Siku moja nikamwambia, "Wifi, mimi sihitaji mtumishi. Nina wifi. Kama hukai humu ndani, kesho usije." Kesho yake alikuja, akasimama pale pale. Nikaingia jikoni nikalia kwa hasira, nikavunja na sahani.

Alasiri moja nilikuwa nikimkata mume wangu kucha za miguu, miguu isiyojua tena kama inashikwa. Akaniambia bila kuulizwa. "Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye ule wa kumwagia. Nilikuwa nausukuma. Sauti ya dada ikaja, nikauachia, nikapunguza moto wa injini, nikashuka."

"Ulisikia ushuke?"

"Nilisikia tua, nikatua."

"Na njia uliiona imekwisha!"

"Niliiona. Lakini ni dada, mama watoto. Nikasema ameona kitu mimi sikioni." Kisha akaongeza, "Usimwambie kamwe."

Nikaendelea na kucha, nikifuta macho kwa mkono wenye mkasi. Mtu aliyebishia ndoo, akabishia shule, akabishia hata mahari waliyoipanga kwao wenyewe. Maisha yake yote alimtii dada yake mara moja tu bila kubisha, na ndiyo hiyo.

Ikafika siku Fundi alikuja nyumbani, kofia mkononi. Kampuni ilikuwa imeleta rubani mpya, kijana, na waliojaribiwa kwenye redio wote walikuwa hawajui upepo. Walimtaka Bi Soksi. Wifi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mahali pake pale pale.

"Mdomo huu ulishavunja mtu," alisema. "Mtafuteni mwingine."

"Dada," mume wangu aliita kutoka kwenye kiti chake. "Nani kakuambia sikukuelewa?"

Jambo hilo halikuwahi kutajwa humo tangu tutoke hospitali.

"Siku ile," alisema. "Uliposema tua. Nilijua unasema mzigo. Toka lini wewe ukaniambia mimi tua ikawa na maana nyingine?"

Wifi alijitoa kwenye mwimo. "Basi mbona hukutua?"

"Ubishi tu. Nilijiambia itapanda, bado kidogo itapanda. Ilipokataa nikakata moto mwenyewe, kwa akili yangu. Wewe ulisema sawasawa." Kisha akainua macho na kutabasamu vile vibaya, kitoto. "Kwani mimi niliwahi kutua ndoo kwa kuambiwa?"

Nilishika meza. Nilijua ni uongo mtupu, na niliona umekaa vizuri kuliko ukweli, kwa sababu mtu yeyote aliyemfahamu Panzi angeuamini. Wifi alimtazama usoni. Halafu akalipuka.

"Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Nikikuambia tua, unatua! Mama alikuwa anakuambia, mimi nakuambia, huna masikio? Ungetua tu! Ungeimwaga ile takataka, saa hizi unatembea! Shingo ya kobe wewe!" Alikuwa ameshika taulo la kumfutia, akampiga nalo begani, mara na mara, si kwa nguvu. Mume wangu aliinamisha kichwa, akayapokea yote. Nilitaka kwenda kumzuia, Fundi akanishika kiwiko. Ndipo wifi akarudi nyuma hatua moja. Kiti kilikuwa nyuma yake, kile kile nilichomsogezea siku zote. Akakaa. Akalia kwa sauti, taulo usoni, na mdogo wake akausogeza mkono wake kwenye goti la dada na kuuacha pale.

Alipomaliza alipiga kamasi kwenye lile taulo, akanigeukia. "Wifi, hivi nyumba hii haina chai?"

Nilichemsha chai. Alikunywa ameketi, viatu amevivua.

Jioni nilimsindikiza hadi getini. Hapo akasimama, hakunitazama. "Alishawahi kukuambia hivyo kabla ya leo?"

Mimi ni mtu ninayewafokea wauza vitambaa kwa uongo wa robo mita. Nilimwambia, "Aliniambia."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, wifi."

Akageuka, akaniangalia kama alivyokuwa akiiangalia soksi pale upepo usipoeleweka. Sijui aliona nini. Kisha akasema, "Basi nishonee mpya. Ile itakuwa imepauka."

Alirudi kiwanjani. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwita yule kijana na Fundi na wachanganya dawa wote, akawaambia kwamba kuanzia leo tua ni kushuka, na mzigo ni mwaga. Akamfanya kijana wa watu alirudie neno hilo kama mtoto wa chekechea. Fundi alinisimulia kwamba mchana mmoja wa jua kali alilitumia kweli, mara moja, "Mwaga!", na kijana akamwaga, na shamba la maharage la mtu likaharibika, na kijana mwenyewe akaenda kula kwake na watoto wake. Wifi aliifanya kazi hiyo mpaka macho yakakataa kuona mlingoti. Na kwangu alikuja kila siku, akakaa, akaagiza chai, akaisema kuwa haina sukari.

Sasa ameondoka. Makaburini, baada ya yule mwenye karatasi kukaa, waliobeba jeneza walifika ukingoni, na mmoja akawaambia wenzake, "Tueni. Tueni taratibu." Mkono wa mume wangu ulinibana mkononi mpaka nikaumia. Hatukutazamana.

Watu walipotawanyika aliniomba nimsogeze. Udongo ulikuwa mbichi, magurudumu yalizama, nikasukuma kwa bega mpaka tukafika pale kichwani. Akainama kadiri mgongo wake unavyomruhusu, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Dada," alisema, "siku ile sikubisha."